Mfugaji Nyuki na Ajiundie Mzinga

Wahenga walituusia tufuate nyuki tule asali. Wako wafugaji siku hizi wafuatao magari yaletayo mizinga ya msaada. Gari lisipofika, ufugaji nao husimama. Hali hii yasikitisha katika nchi ambayo jina lake limebebwa na mzinga unaojulikana ulimwenguni.

Tangu enzi za mababu, Mkamba wa Kitui amechonga gogo na kulitundika mtini bila kungoja hisani ya mtu. Dosari ya gogo ni kwamba mrinaji huyakata masega ya asali pamoja na yale yenye majana. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wa Kenya na Kanada wakabuni sanduku la mbao lenye kuta za mshazari. Juu yake hupangwa vibao, na nyuki hujenga sega moja chini ya kila kibao. Mrinaji huinua kibao, akatwaa sega la asali, akarudisha lenye majana.

Mzinga huo haudai mitambo. Msumeno, randa, nyundo na rula vyatosha. Sanduku likizidi au kupungua kidogo, nyuki hawajali. Kipimo kisichosamehe ni kimoja: upana wa kibao uwe milimita 32, kwa kuwa huo ndio umbali ambao nyuki wetu huuacha kutoka katikati ya sega hadi katikati ya sega jirani. Kosea hapo, nao watayaunganisha masega, na mzinga hautafunguka ila kwa kisu. Mzinga wa fremu wa Mmarekani Langstroth ni mgumu zaidi kuunda, maana kila mwanya ndani yake huhitaji milimita 6 hadi 9: ukipungua nyuki huuziba kwa gundi, ukizidi hujenga sega.

Watasema mbao ni ghali. Kweli, lakini mabaki ya seremala yanafaa, mradi hayakupakwa dawa ya kuua wadudu.

Kwa hiyo nawageukia walimu. Mtaala wa umilisi wataka mwanafunzi atende. Basi vibao vikatwe shuleni, vipimwe katika somo la hisabati, vipakwe mstari wa nta katikati, kisha mizinga itundikwe mbali na madarasa na mapito ya watu. Kijana atakayehitimu akijua kazi hiyo hatamwomba mtu mzinga.