Picha imefifia? Usikimbilie projekta mpya

Jumamosi jioni familia moja mtaani Buruburu, Nairobi, iliketi sebuleni kutazama filamu. Picha ukutani ilikuwa imefifia hata nyuso za waigizaji hazikutambulika vyema.

"Mashine hii imezeeka," baba akasema. "Mwezi ujao nitanunua mpya."

"Baba Njeri, mwezi ujao ni Januari," mama akamjibu. "Karo je?"

Mzozo kama huu unazikumba familia nyingi zilizogeuza sebule kuwa ukumbi wa sinema. Je, utajuaje kama projekta yako inahitaji kubadilishwa au kutunzwa tu?

Anza na balbu. Projekta nyingi za miaka iliyopita hutumia balbu maalum ambayo aghalabu hudumu kati ya saa 2,000 na 5,000. Ukitazama saa tatu kila siku, utamaliza saa 4,000 kwa miaka mitatu na miezi minane hivi. Inapokaribia kikomo, balbu huweza kuwa imepoteza nusu ya mwangaza wake. Kwa kuwa hupungua polepole, wenye nyumba hawatambui mpaka picha iwe imeharibika kabisa. Idadi ya saa zilizotumika huonyeshwa kwenye menyu ya mashine.

Pili, angalia vumbi. Chujio kikiziba, mashine hupata joto jingi. Izime, chomoa waya, iache ipoe, kisha ukisafishe chujio kama kitabu cha maelezo kinavyoagiza.

Tatu, chunguza chumba chenyewe. Projekta haiwezi kuonyesha weusi uliozidi giza la ukuta wako. Taa ya jikoni ikimulika ukutani, hata mashine ya bei ghali itatoa picha iliyopauka. Pazia nzito na rangi nyeupe isiyong'aa hugharimu pesa kidogo mno zikilinganishwa na projekta mpya.

Hata hivyo, kuna wakati ambapo kununua mpya ni busara. Ikiwa balbu haipatikani tena, au bei yake inakaribia ya mashine nzima, usipoteze pesa. Projekta za leza hudumu takriban saa 20,000 bila kubadilishwa balbu, ingawa bei yake iko juu. Nazo za 4K huwa na nukta milioni nane, mara nne ya zile za 1080p. Lakini ikiwa filamu zenu ni za DVD, nukta hizo hazitawafaidi sana.

Jihadhari pia na maandishi ya kwenye katoni. Projekta "inayokubali 4K" huenda inapokea tu picha za aina hiyo, kisha ikazipunguza hadi nukta 1280 kwa 720. Muulize mwenye duka nukta za mashine yenyewe ni ngapi, na mwangaza wake ni lumeni ngapi kwa kipimo cha ANSI. Mwambie aiwashe uone kabla ya kulipa.

Na ile familia ya Buruburu? Balbu yao ilikuwa imetimiza saa 4,600. Walinunua nyingine, wakasafisha chujio na kutundika pazia nzito. Njeri alirudi shuleni karo ikiwa imelipwa, na filamu ya Jumamosi ingali inaendelea.

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao.