Nyota, Karama na Fundi wa Matimba

Semina za kujitambua zimefika Kahama, Geita na Shinyanga kama zilivyofika Dar es Salaam: ukumbi wa hoteli au wa kanisa, viti vya plastiki, kipaza sauti kinachokoroma, na mhamasishaji aliyevaa suti saa nane mchana. Ujumbe haubadiliki sana. Kila mtu amezaliwa na kusudi lake, nalo limefichwa ndani yake. Dalili zake ni mbili: kile akipendacho mno, na kile akiwezacho kuliko wenzake. Akishalitambua, fedha itamfuata. Kiingilio hulipwa mlangoni, kabla fedha haijaanza kufuata.

Sina ugomvi na mtu anayetaka kijana aliyekata tamaa ajione ana thamani. Ugomvi wangu ni na wazo lililo chini ya mahubiri hayo, kwamba kusudi la mtu liko tayari, limekamilika, linangoja kufukuliwa kama dhahabu. Wazo hilo lina soko katika ukanda huu kwa sababu dhahabu kweli iko chini, kweli inangoja, na kila mtu anamjua aliyeikuta. Waliochimba miaka kumi wakatoka na deni wanajulikana pia, ila hawaalikwi kutoa ushuhuda.

Mfano unaopendwa zaidi uko Mwadui. John Williamson, Mkanada aliyezaliwa mwaka 1907, alianza Chuo Kikuu cha McGill akielekea kwenye sheria, akaishia kwenye jiolojia. Miaka ya 1930 alikuja Afrika kufanyia kazi kampuni za madini, akafika Tanganyika. Almasi zilikuwa zimeonekana Mabuki tangu mwaka 1910, lakini hakuna aliyejua chimbuko lake kubwa liko wapi. Waajiri wake walipochoka, yeye hakuchoka. Alizunguka nyika ya Usukuma akiwa na madeni na malaria mpaka Machi 1940, alipoupata mwamba wa Mwadui, wenye eneo la hekta 146 hivi. Mwaka 1947 mgodi huo ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, naye akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Hadithi hiyo ina kila kitu: mapenzi ya kazi, ukaidi, mbuyu unaotajwa katika masimulizi, na mwisho wenye kung'aa.

Kinachorukwa ni vitu vya kawaida mno. Mapenzi yenyewe hayakuwa ya utotoni. Yalimkuta chuoni, njiani kwenda kwingine. Alikuwa na shahada ya uzamivu, kwa hiyo alijua kusoma mchanga ambao wengine waliukanyaga. Alikuwa na I. C. Chopra, mwanasheria wa Mwanza, aliyemsaidia kwa fedha na akawa mbia wake. Alikuwa na vibarua Wasukuma waliochimba na kuchekecha, ambao majina yao hayakuingia kwenye hadithi. Tena alikuwa Mzungu katika koloni la Waingereza, hali iliyokuwa ikifungua milango ambayo karama peke yake haikuweza kuifungua. Ukiviondoa hivyo vyote, anabaki mtu mwenye homa anayeokota mawe.

Tuiache almasi, twende kwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo kama Nyarugusu na Rwamgasa, duara moja hulisha watu wengi kuliko wanaoonekana mdomoni mwake. Yupo mwenye leseni, yupo mwenye duara anayegharamia chakula na vifaa, wapo wachimbaji wanaolipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe. Yupo anayelipua baruti. Yupo anayeendesha kompresa ili walio chini wapate hewa. Mawe yakitoka yanakwenda kwenye karasha kusagwa, kisha mwaloni kuoshwa, kisha yanakutana na zebaki, na hayo marudio yanayobaki yananunuliwa na mwenye plenti ya kuchenjulia, ambaye mara nyingi hupata dhahabu nyingi kuliko walioingia shimoni. Pembeni yuko mama lishe, fundi wa jenereta, mwenye pikipiki, na mtu wa mizani.

Na yuko fundi wa matimba. Huyu ndiye anayesimika magogo kushikilia kuta na paa la shimo. Sijawahi kusikia mtoto akisema akikua atakuwa fundi wa matimba. Wengi wao walikuja kufuata rashi kama wengine, wakitaka dhahabu, si magogo. Wakapewa kazi ya kubeba miti kwa sababu walichelewa kufika, au kwa sababu walikuwa na maungo. Mmoja kati ya hao wabebaji akaanza kusikia mti unapolia, akajua mwamba upi unavimba mvua ikinyesha na upi unadanganya kwa ukavu wake. Siku moja alikataza watu wasiteremke, paa likashuka shimo likiwa tupu. Kuanzia hapo duara la jirani likaanza kumwita, na la pili yake. Bei ikapanda. Leo, ukimuuliza kama anaipenda kazi yake, atakuangalia kama mtu aliyeulizwa kama anaipenda mikono yake.

Mpangilio wa mambo hapo ni kinyume cha ule wa semina. Kwanza ilikuja kazi, tena isiyopendwa. Kisha ukaja uwezo, taratibu. Kisha wengine wakauona uwezo huo kabla mwenyewe hajaupa jina. Mapenzi yalifika mwisho, kama yalifika.

Wanasaikolojia Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walichapisha mwaka 2018 utafiti unaolikaribia jambo hili kutoka upande mwingine kabisa, miongoni mwa wanafunzi wa chuo Marekani. Waliwatofautisha wanaoamini kwamba mapenzi ya jambo yapo ndani ya mtu yakisubiri kugunduliwa, na wanaoamini kwamba hukuzwa. Wote walionyeshwa video nyepesi kuhusu mashimo meusi ya angani, wakapendezwa. Kisha wakapewa makala ngumu juu ya jambo hilohilo. Wale wa kundi la kwanza ndio walioporomoka zaidi. Aliyeambiwa kwamba kitu chake kitamjia chepesi huuona ugumu wa kwanza kama ushahidi kwamba amekosea kitu. Sasa mchukue mtu huyo umpeleke mita hamsini chini ya ardhi.

Ule mchoro wa duara nne zinazokatana, wenye neno la Kijapani ikigai, yaani sababu ya kuishi, katikati, nao hupata nafasi kwenye semina hizi. Hukabidhiwa wasikilizaji kama hekima ya kale ya Japani. Mchoro wenyewe ulichorwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 na Mhispania Andrés Zuzunaga, na mwaka 2014 Mwingereza mmoja, Marc Winn, akaubandika neno la Kijapani. Zuzunaga ni mnajimu. Kwa hiyo kijana wa Kahama aliyekimbia wasoma nyota wa mtaani ili akasikilize elimu ya kisasa hakwenda mbali sana.

Maana ukanda huu ulikuwa na walimu wake wa kusudi kabla ya suti. Mganga husema nyota yako imefunikwa, au imechukuliwa, nayo yaweza kusafishwa. Mchimbaji ambaye mkanda wa dhahabu umempotea anamwelewa haraka. Mtu akiamini kwamba mafanikio ni kitu kilichofichwa ndani yake tangu kuzaliwa, kukosa mafanikio kunahitaji mwizi. Na kama bahati ni kitu kilichomo mwilini, itatafutwa mwilini mwa mtu mwingine. Hatua hiyo ya pili ndiyo iliyoua watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa mauaji ya mtoto mmoja. Wahamasishaji hawana damu hiyo mikononi, na sitaki kuwapa. Nasema tu kwamba wanapanda mbegu yao kwenye udongo ambao tayari umelimwa, na ingefaa waujue.

Usukuma una desturi nyingine ya kumjua mwenye karama, na ninaiona bora. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vinavyorudisha asili yao kwa mahasimu wawili, Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno. Pande mbili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na hakimu ni miguu ya watazamaji: umati unahamia kwenye ngoma inayouvuta. Hakuna fomu ya kujaza kuhusu vipaji vyako. Dawa za mvuto huwa zinatumika, nakiri, hivyo uchaguzi si huru kama tunavyotaka. Lakini nimeona chaguzi zilizo na dawa kali zaidi. Bayeye, wacheza ngoma na nyoka, wanakwenda mbali kidogo, kwa sababu chama chao ni cha tiba vilevile. Anayeingia anafundishwa dawa za sumu ya nyoka, na siku mtu anapong'atwa kijijini ndipo inajulikana nani ameelewa somo.

Hata hivyo umati huchagua miongoni mwa walioruhusiwa kuingia uwanjani, na hapo mafundisho ya karama hunyamaza kabisa. Kwa miaka mingi miiko ya machimboni ilimzuia mwanamke kushuka shimoni, ati dhahabu itakimbia. Akaachiwa kuponda mawe kwa nyundo juani, kuosha, kuokota mabaki. Nani angejua kama ana jicho la kusoma mwamba? Waliobadilisha hali hiyo hawakuanza kwa kujitafuta ndani. Chama cha wanawake wachimbaji, TAWOMA, kilichoanzishwa mwaka 1997, kilihangaikia leseni, mikopo na vifaa. Leseni ya uchimbaji mdogo ni karatasi ya miaka saba, kwa Mtanzania pekee, na imefichua vipaji vya wanawake kuliko kongamano lolote ninalolijua.

Halafu kuna jambo la muda. Mgodi wa Buzwagi, pale Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukafungwa mwaka 2021. Kijana aliyeajiriwa pale akiwa na miaka 22, akaambiwa na kila mtu kwamba amepata wito wake, alijikuta katikati ya miaka ya thelathini akiwa dereva hodari wa lori kubwa kuliko barabara yoyote ya mkoa. Uwezo wake haukupungua hata chembe. Kilichoondoka ni aliyeuhitaji. Aliyekuwa amejifunza umeme au kuchomelea alihamia kwingine kwa shida ndogo zaidi, si kwa kuwa alikuwa na shauku kubwa, bali kwa kuwa ufundi wake una wateja wengi.

Sera ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2023 imeleta mkondo wa amali sekondari, na hilo ni jema, ijapokuwa bado tunamwambia mtoto ajitambue kisha tunampangia tahasusi kwa mfumo wa TAMISEMI. Lakini nikiulizwa ni chombo gani cha serikali kinachokaribia kumtambua fundi wa matimba, nitataja utaratibu usiopigiwa tarumbeta: ule wa VETA, mamlaka ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mtathmini humpima fundi kwa kazi yake, huangalia anachokiweza, humwonyesha mapengo yake, humfunza hayo tu, kisha fundi anapewa cheti. Waashi, maseremala na mafundi magari wamepita humo bila kuulizwa kidato walichofika. Kuwapeleka watathmini hao Nyarugusu na Rwamgasa kusingekuwa na ugumu wa kuwatafuta wahusika. Uliza duara lolote nani aitwe paa likianza kutoa vumbi, utapewa jina na namba ya simu.