Ukikamatwa umelewa kwenye usukani Uingereza: faini ndiyo pesa ndogo

Mtu akikamatwa usiku anaendesha huku amekunywa, swali la kwanza tunaloulizwa ni moja: faini ni pauni ngapi? Tunaelewa. Ada ya mtoto inasubiri, upatu wa mwezi huu bado, fundi kule nyumbani anadai saruji. Lakini kwa anayeishi hapa kwa viza ya kazi, faini ndiyo pesa ndogo kuliko zote kwenye kesi hii. Leo tunapiga hesabu ya England na Wales.

Kiwango cha mwisho ni maikrogramu 35 za pombe kwa kila mililita 100 za pumzi. Scotland ni 22. Si lazima uwe unayumba. Mtego mkubwa ni asubuhi ya pili. Mwili huondoa takriban yuniti moja ya pombe kwa saa, na pinti ya bia ya asilimia 4 ina yuniti 2.3. Sherehe ya Jumamosi, pinti nane kuanzia saa tatu usiku, ni yuniti 18 na ushee. Saa moja asubuhi unapowasha gari kwenda shifti, zimetoka kama 10 tu, nane bado zimo. Supu, kahawa na kuoga maji baridi havipunguzi kitu.

Na kulala kwenye gari huku ufunguo uko mfukoni nako ni kosa. Adhabu yake ni ndogo kidogo: faini hadi pauni 2,500, kifungo hadi miezi 3, pointi 10 kwenye leseni au kufungiwa kabisa.

Ukishakamatwa, usikatae kupuliza. Kukataa bila sababu inayokubalika ni kosa lenyewe, na adhabu yake ni sawa na ya kuendesha umelewa: hadi miezi 6 jela, faini isiyo na kikomo, kufungiwa kuendesha mwaka mmoja au zaidi. Kumsubiri wakili hakuhesabiki kuwa sababu. Puliza, halafu omba wakili wa zamu. Ni bure kituoni, kwa raia na mgeni, na mkalimani pia ni bure, kwa hiyo omba Kiswahili kama Kiingereza cha polisi kinakupita. Na tuseme hili wazi maana tabia ya nyumbani ni ngumu kuacha: usimwonyeshe polisi noti. Kule tumezoea "kumalizana". Hapa hiyo ni kesi ya pili, ya rushwa, na sheria yake inafika miaka 10.

Tuje kwenye faini. Haina bei ya kudumu, inapimwa kwa pesa unayopata kwa wiki baada ya kodi. Pumzi ikisoma kati ya 36 na 89, mwongozo wa mahakimu unaanzia asilimia 150 ya pesa hiyo. Chukua fundi ujenzi anayeshika pauni 420 kwa wiki. Asilimia 150 ni 630. Akikiri kosa mapema anapunguziwa theluthi moja, inabaki 420. Inaongezwa tozo ya wahanga, asilimia 40 ya faini, yaani 168. Halafu gharama za waendesha mashtaka, tuweke 85. Jumla pauni 673. Inauma, lakini inalipika, na unaweza kuomba mahakama ulipe kidogo kidogo. Peleka karatasi zako za mshahara na ujaze fomu ya mapato, la sivyo mahakama itakadiria yenyewe, na makadirio yake hayajui kwamba unalisha watu sita Tanga.

Kuanzia 90 mambo yanabadilika: mwongozo unaanzia adhabu ya kutumikia jamii, na kuanzia 120 unaanzia kifungo.

Kufungiwa kuendesha ni miezi 12 kwa uchache, au miaka 3 kama ni mara ya pili ndani ya miaka 10. Hakimu akikuuliza kama unataka kozi ya madereva walevi, sema ndiyo papo hapo. Inagharimu hadi kama pauni 250, ila hupunguza hadi robo ya muda: miezi 12 inakuwa 9. Kwa mtu wa kazi, miezi mitatu hiyo inalipa zaidi ya bei ya kozi. Leseni ya Kenya au Tanzania haikuokoi. Ukifungiwa umefungiwa, na kuendesha wakati huo ni jela hadi miezi 6.

Kama uligonga mtu, ongeza bima. Kampuni itamlipa uliyemgonga, kisha inaweza kukudai wewe pesa hiyo. Gari lako mwenyewe huenda lisilipwe chochote. Hapo hatuongelei tena mamia ya pauni.

Sasa pesa kubwa yenyewe: kazi. Dada anayezunguka nyumba kwa nyumba kuhudumia wazee, au kijana anayeendesha gari la saiti, hana kazi bila leseni. Bosi akimwachisha, lazima aiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani ndani ya siku 10 za kazi. Baada ya hapo wizara kwa kawaida hufupisha viza hadi siku 60: upate mdhamini mwingine au uondoke. Kama mke na watoto wapo kwa viza yako, nao wamo humo humo.

Wapo wanaosema, "bosi kanielewa, kanipa likizo bila mshahara mpaka leseni irudi." Angalia hapo. Likizo bila malipo ikizidi wiki 4 kwa mwaka, ukiacha sababu chache kama ugonjwa na uzazi, mdhamini anatakiwa kuacha kukudhamini. Kupunguziwa saa kunaweza kushusha mshahara chini ya kiwango cha viza, nalo ni tatizo. Kwa hiyo nenda kwa bosi mapema na pendekezo linalobakiza saa zako: shifti za kwenye jengo moja, wateja wa kufikiwa kwa basi, au mwenzako aendeshe nawe ukae pembeni. Kuficha ndiyo mbaya zaidi, maana siku ukiendesha gari la kampuni ukiwa umefungiwa, bima yake haifanyi kazi.

Kwenye fomu za viza, andika kosa. Alama yake hukaa kwenye leseni miaka 11. Kwa waajiri wengi kosa huhesabiwa limepita baada ya miaka 5, lakini sheria hiyo ya kusamehewa haihusu maombi ya uhamiaji wala uraia. Kosa moja lililoandikwa linapimwa. Lililofichwa likigunduliwa ni udanganyifu, na kwa viza ya kuingia unaweza kukataliwa miaka 10.

Wenzetu wa Falme za Kiarabu, msichukue hesabu hizi. Kwenu hakuna kiwango kinachoruhusiwa, na sheria iliyoanza Machi 29, 2025 inaweka faini ya dirham 20,000 hadi 100,000, au jela, au vyote viwili.

Kuhusu pesa ya nyumbani, wiki ileile ya kukamatwa simamisha ujenzi. Ukuta unaweza kusubiri, ada haisubiri. Weka akiba ya kodi ya nyumba ya miezi miwili hapa unapoishi kabla ya kutuma chochote zaidi ya ada na dawa, kwa sababu siku 60 zikianza bila akiba utakubali mdhamini yeyote, hata tapeli. Mwambie mtu mmoja nyumbani ukweli na kiasi kipya cha mwezi, basi. Ukoo mzima ukijua, atatokea mwenye "rafiki ubalozini" anayemaliza kesi kwa pauni 1,500. Usitume. Upatu usijitoe kimyakimya; omba zamu yako ibadilishwe, wenzako wengi watakubali ukiwaambia kabla ya tarehe.