Mjusi Asiye Mjusi

Mwaka 1979, katika jimbo la Oregon, magharibi mwa Marekani, kijana wa miaka 29 alimeza mnyama mdogo wa rangi ya kahawia kwa ajili ya dau. Dakika kumi baadaye midomo ilianza kumchonyota. Katika muda wa saa mbili alilalamika ganzi na udhaifu wa mwili. Alikataa kupelekwa hospitali. Moyo na pumzi vikasimama, naye akafariki dunia.

Mnyama huyo ni nyuti, aina ya salamanda, amfibia aliye na udugu na chura. Afrika Mashariki hatunaye, wala Kiswahili hakina jina lake la asili. Mswahili anayeishi Oregon au California akimkuta njiani atamwita mjusi bila kusita.

Husemwa kwamba ngozi ya mjusi ni kavu na ya amfibia ni telezi. Kwa nyuti huyu kanuni hiyo haifai kutegemewa, kwa sababu akiwa nchi kavu ngozi yake hukauka na kukwaruza kwa vipele vidogo. Tazama badala yake kama ana magamba: mjusi anayo, nyuti hana hata moja. Mjusi ana kucha na vidole vitano katika kila mguu. Nyuti hana kucha, na miguu yake ya mbele ina vidole vinne tu. Pembeni mwa kichwa cha mijusi wa huko huonekana tundu la sikio, ambalo nyuti hana.

Tabia nazo husaidia. Mjusi wa uani wa California huota jua juu ya mawe na hutimka ukimkaribia; tumbo la dume lina mabaka ya buluu. (Huyu ni rafiki wa afya: damu yake huua bakteria wa ugonjwa wa Lyme walio ndani ya kupe anayemfyonza.) Nyuti hutembea polepole siku za mvua, na akitishwa hainui mbio, bali hupinda kichwa na mkia juu ili tumbo lake la rangi ya chungwa lionekane.

Rangi hiyo ni onyo la kweli. Ngozi yake ina tetrodotoksini, sumu ileile ya bunju anayeogopwa na wavuvi wa pwani yetu, na moto wa jikoni hauiondoi. Kumgusa kwa mkono usio na jeraha si hatari kubwa, ila mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa macho au kinywa. Aliyemmeza apelekwe hospitali mara moja, hata kama anajiona mzima. Sumu huzuia njia za sodiamu katika neva, misuli ya kupumua ikalegea. Kiuasumu hakuna, kinachookoa maisha ni mashine ya kupumulia hadi sumu iishe mwilini. Mhudumu akumbuke kwamba mgonjwa aliyepooza kabisa anaweza kuwa anasikia kila neno linalosemwa kitandani pake, hivyo aelezwe anachofanyiwa na apewe dawa ya kumtuliza.