Embe Likiisha, Nzi Hula Nini?

Mgeni anayefika Marafa, Pwani ya Kenya, huenda moja kwa moja Nyari, kutazama korongo lenye kuta nyekundu, nyeupe na za rangi ya chungwa. Mwenyeji ana korongo jingine la kutazama, dogo kiasi cha kuenea kiganjani. Kaskazi inapovuma na maembe kuiva, aokote moja lililoanguka kabla ya wakati wake. Gandani ataona kitobo kama cha sindano, na utomvu umeganda pembeni. Akilipasua, nyama imekuwa uji wa hudhurungi na funza weupe wanapindana ndani yake. Akiwamwaga mchangani, wale waliokomaa hujikunja kama upinde, wakajifyatua na kuruka, wakitafuta mahali pa kujichimbia.

Hao ni watoto wa nzi wa matunda wa Asia, Bactrocera dorsalis. Barani Afrika aligunduliwa mara ya kwanza mwaka 2003, papa hapa Pwani. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina jipya, Bactrocera invadens, wakidhani ni spishi ya peke yake. Ilipofika 2015 wakakubaliana kuwa ni yule yule wa Asia. Wakati huo alikwisha kuenea katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe katika soko la Umoja wa Ulaya kwa sababu yake, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi 2021.

Mwembe ukimaliza kuzaa, nzi huyu hafi njaa wala halali usingizi wa msimu kama wafanyavyo wadudu wengine. Huhama mti. Kuna mpera nyuma ya nyumba, mtopetope, mchungwa na mlimau, mkungu wa kivuli, na huko porini kuna mng'ong'o. Kila mmoja una majira yake ya kuzaa, na nzi huyapokezanisha hadi maembe yarudi. Kwa joto la Pwani, yai hufika kuwa nzi kamili kwa muda wa wiki tatu hivi, na jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani. Ndiyo maana mapera machache yanayooza miezi isiyo na maembe ni mbegu ya hasara ya msimu ujao.

Kinachomponza ni chakula chake. Funza hana shida: amezaliwa ndani ya sahani. Mwenye njaa ni mama yake. Mdomo wake ni wa kulamba, si wa kutafuna, na sukari ya umande mtamu wa vidukari au ya maji ya matunda yaliyopasuka humpa nguvu za kuruka tu. Ili mayai yapevuke anahitaji protini, naye huitafuta kwenye vinyesi vya ndege na kwa bakteria walioota juu ya majani. Bila protini hatagi mayai ya maana.

Chambo cha hamira kimetengenezwa kwa kuifuata njaa hiyo. Hamira huchanganywa na kiasi kidogo cha kiuadudu, kisha hupuliziwa sehemu ndogo tu ya kila mti wakati maembe yangali machanga. Jike huifuata harufu, hulamba na kufa kabla ya kutaga. Dume ana uchu tofauti. Huvutwa na methili yujenoli, kemikali iliyomo pia katika baadhi ya mimea ya jamii ya mrihani, kwa kuwa akiila hupata harufu inayowapendeza majike. Hapo ndipo mkulima hudanganyika: akiona mtego wa methili yujenoli umejaa nzi, hudhani shamba limepona, kumbe waliokufa ni madume, na dume mmoja aliyesalia hutosha majike kadhaa.

Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, kimeongeza askari wa tatu: nyigu mdogo aitwaye Fopius arisanus, anayetaga yai lake ndani ya yai la nzi. Naye hana sumu ya kununuliwa wala haogopi kupanda mti mrefu.

Lakini hakuna chambo wala nyigu atakayeshinda maembe mabovu yaliyoachwa chini ya mti. Funza akishatoka humo huingia udongoni sentimita chache tu, akageuka pupa. Kuku wakiachiliwa hapo watamchakura na kumla. Matunda yaliyoanguka yaokotwe angalau mara mbili kwa wiki, yafukiwe kwenye shimo la zaidi ya nusu mita na kushindiliwa udongo. Na kazi hiyo isingoje maembe: ianze sasa, kwenye mpera wako na wa jirani, kwa sababu nzi hajui mpaka wa shamba.