Gugu Lililomeza Bwawa la Nairobi

Bwawa la Nairobi lilipofunguliwa mwaka 1953, kusudi lake lilikuwa rahisi kufahamika: kuweka akiba ya maji, ili ukame ukija jiji lisipate taabu. Maji yake huletwa na mto Motoine, ambao huanzia upande wa Dagoretti, ukapita kwenye msitu na kando ya Jamhuri, kisha ukaingia Kibera. Eneo la bwawa lilikuwa kadiri ya hekta 35, yaani ekari 86 hivi. Kwa miaka mingi maji hayo yalikuwa wazi na ya kupendeza. Watu walivua samaki, na wapenda mashua za tanga walikuwa na chama chao hapo hapo ukingoni.

Tangu mwisho wa miaka ya 1990 habari imekuwa nyingine kabisa. Uso wa bwawa ulianza kufunikwa na majani mazito ya kijani, yenye maua mazuri ya rangi ya zambarau. Mgeni asimamaye ukingoni aweza kudhani anatazama konde lililostawi. Lakini konde hilo halina mavuno. Ni gugumaji, mmea uelealo juu ya maji. Na chini yake mna matope, takataka na maji yasiyofaa kunywewa na mtu wala mnyama.

Wengi wetu tumezoea kulitaja gugu hili kama adui aliyetoka mbali akatuvamia. Ni kweli kwamba lilitoka mbali. Lakini katika makala haya napenda kuonyesha jambo la pili, ambalo halitajwi sana: adui huyu twamlisha sisi wenyewe kila siku, naye hataondoka maadamu chakula chake hakijakatwa.

ASILI YAKE NA SAFARI ZAKE

Kwao gugumaji ni Amerika ya Kusini, katika bonde la mto Amazon. Halikuvuka bahari kwa nguvu zake. Lilichukuliwa na wanadamu kwa sababu ya uzuri wa maua yake, likapandwa katika vidimbwi vya bustani, na kutoka huko likaponyoka. Mwaka 1952 lilionekana katika mto Kongo, na serikali ya Wabelgiji ikamwaga dawa nyingi na fedha nyingi kulipiga vita, wala halikwisha. Mwaka 1958 lilikuwa limekwisha kuonekana katika Nile Nyeupe huko Sudan.

Hapa Kenya lilionekana katika Ziwa Naivasha mwaka 1988. Ziwa hilo lilikuwa limekwisha kupatwa na wageni wengine kabla yake. Gugu jingine lielealo, liitwalo salvinia, lilikuwamo tangu miaka ya 1960. Tena mwaka 1970 waliletwa kamba wa maji baridi wenye asili ya Marekani, ili wavuliwe na kuuzwa. Nao wakala mimea ya asili ya ziwa pamoja na mayungiyungi. Basi mahali palipoachwa wazi na mwenyeji, mgeni akapata nafasi ya kukaa.

Katika Ziwa Viktoria, gugumaji lilifika upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika kadiri ya hekta 17,000 za maji yetu. Meli zilikwama, wavuvi walishindwa kutoa mitumbwi, na samaki walikufa kwa kukosa hewa. Haya yote yalitukia katika ziwa kubwa kuliko yote ya Afrika. Bwawa la ekari 86 lingewezaje kujitetea?

HESABU YA KUTISHA

Gugumaji huzaa kwa njia mbili. Kwanza, kila mche hutoa vikonyo vyenye vitoto, nao wakikatika hujitegemea. Mahali penye joto na chakula kingi, wingi wake waweza kuongezeka mara mbili kwa muda wa majuma mawili. Tufanye hesabu ya darasani. Mche mmoja ukiongezeka hivyo, baada ya majuma ishirini ni 1,024. Watu wakisafisha bwawa lote lakini wakasahau miche kumi kwenye kona, kwa mwendo huo baada ya majuma ishirini itakuwa zaidi ya elfu kumi. Jambo lingine la kuangalia ni kwamba bwawa lililofunikwa nusu laweza kujaa lote baada ya majuma mawili tu. Kwa hiyo asemaye, “Bado nusu iko wazi, tungoje kidogo,” amekwisha kuchelewa.

Njia ya pili ni mbegu. Hizi huzama katika matope na zaweza kukaa humo miaka kumi na mitano na zaidi, kisha maji yakipungua na jua likapiga matope, zikaota. Ndiyo sababu watu walisafishapo mahali na kufurahi, mwaka wa pili au wa tatu huona kijani kile kile.

DAWA TATU ZILIZOJARIBIWA

Dawa ya kwanza ni kung'oa kwa mikono au kwa mashine. Ni kazi nzuri, na vijana hupata mshahara. Lakini gugu limejaa maji. Mzigo wake ni mzito kupita kiasi, na likilundikwa ukingoni mvua hulirudisha.

Dawa ya pili ni kunyunyizia sumu. Gugu hufa upesi. Lakini likifa huzama, likaoza, na kuoza huko hula hewa ya maji na kuua samaki. Tena mbolea yote iliyokuwa ndani ya majani hurudi majini, ikawa chakula cha miche mipya.

Dawa ya tatu ni wadudu. Huko Amerika ya Kusini kuna wadudu wadogo wa ukoo wa fukusi, ukoo ule ule wa wale waharibuo mahindi ghalani. Lakini hawa chakula chao ni gugumaji, wala hawashambulii mimea ya shambani. Wataalamu wa utafiti wa kilimo walianza kuwaachia katika Ziwa Viktoria upande wa Kenya mwaka 1997. Baada ya miaka michache gugu lilipungua sana, ingawa wataalamu hawakupatana kama sifa yote ni ya wadudu, au mvua kubwa na mawimbi ya 1997 na 1998 yalisaidia. Lakini baada ya mvua nyingi za mwaka 2006 gugu lilirudi tena kwa wingi.

Kwa nini lilirudi? Kwa sababu mvua ilikokota udongo wa mashamba, mbolea na uchafu wa miji, ikavitia ziwani. Mahali penye chakula kingi gugu hukua upesi kuliko wadudu wanavyoweza kulila. Na katika nchi za juu zenye baridi wadudu hao huzaliana polepole, kama ilivyoonekana huko Afrika ya Kusini. Bwawa la Nairobi lina taabu zote mbili: baridi ya Juni na Julai, na karamu isiyokwisha mwaka mzima.

KARAMU HIYO YATOKA WAPI?

Kila mkulima ajua kwamba shamba hustawi kwa samadi. Gugumaji halina tofauti. Latafuta naitrojeni na fosforasi, navyo vimo kwa wingi katika choo cha binadamu, katika maji ya sabuni na katika takataka za jikoni. Mto Motoine hupita Kibera kabla ya kuingia bwawani. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata watu wapatao 170,000 huko Kibera, na nyumba nyingi hazikuwa na bomba la maji machafu. Vyoo vya shimo hujaa, na mvua huvifurisha. Asiye na choo usiku hutumia mfuko, akautupa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu tangu Agosti 2017, lakini marufuku ya mfuko haimpi mtu choo.

Hata hivyo si haki kumlaumu mkaaji wa Kibera peke yake. Yeye hakuchagua kukosa bomba. Hulipa kodi ya chumba kila mwezi kama wapangaji wengine wa jiji. Nayo mabomba ya mitaa yenye nafuu yakipasuka, maji yake hufuata mteremko ule ule. Mto haujui maji ya tajiri wala ya maskini.

Mkaaji wa Kawangware aweza kusema, “Bwawa liko Kibera. Mimi lanihusu nini?” Jibu ni kwamba maji ya Kawangware, pamoja na yale ya mitaro yetu, hutelemkia mto Nairobi. Maji yatokayo bwawani huitwa mto Ngong. Mito hii miwili hukutana mashariki ya jiji, ikaingia Athi, na Athi ukifika pwani huitwa Sabaki, unaomwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Njiani kote wako watu wanaochota, wanaonyweshea mboga na wanaonywesha ng'ombe. Tukitupa uchafu katika mtaro wa Kawangware, twawalisha gugu na maradhi watu tusiowaona kamwe.

Hasara yenyewe si ya macho tu. Chini ya gugu maji husimama, na maji yaliyosimama ni nyumba ya mbu. Konokono wachukuao kichocho hujishikiza kwenye mizizi yake. Majani yake hutoa mvuke mwingi, hivi hata maji machache yaliyobaki hupotea hewani. Na bwawa likijaa matope na majani, huonekana kama kiwanja kisicho na mwenyewe, na wenye tamaa ya ardhi huanza kulitazama kwa jicho lingine. Bwawa likisahauliwa kuwa ni bwawa, kulirudisha ni kazi ngumu sana.

YATUPASAYO KUFANYA

Wahenga walisema, mwiba hutokea ulikoingilia. Gugu hili liliingia kwa mkono wa mtu na hunenepa kwa uchafu wa mtu. Basi huko ndiko dawa ianzie.

Mwenye nyumba za kupanga ajue kwamba choo ni sehemu ya nyumba, kama paa. Mpangaji asitupe takataka mtaroni, wala asimwage mtoni maji ya kufulia. Mtu asichukue mche wa gugumaji kwa ajili ya maua yake akaupanda nyumbani au katika kidimbwi cha samaki. Tena asilishe mifugo gugu lililotoka katika maji machafu ya jiji, kwa maana mmea huu hufyonza risasi na sumu nyingine za viwandani.

Huko Kibera shirika la Umande Trust limeonyesha njia moja ya kutia moyo. Limesaidia vikundi vya wenyeji kujenga vyoo vya jumuiya ambavyo uchafu wake hutoa gesi ya kupikia. Kile ambacho kingelikuwa karamu ya gugu huivisha chai na ugali. Nyumba moja ya namna hii haiwezi kuokoa bwawa, lakini kila moja hupunguza sahani mezani pa adui.

Wenye mamlaka nao wana sehemu yao, tena kubwa. Mwaka 2008 waziri wa mazingira John Michuki alianza kazi ya kusafisha mto Nairobi, na watu wengi wakaamini kwa mara ya kwanza kwamba jambo hilo lawezekana. Mwishoni mwa 2022 iliundwa Tume ya Mito ya Nairobi. Twaomba kwamba kabla ya fedha kutumika kung'oa gugu la bwawa, au pamoja na kazi hiyo, mabomba ya maji machafu yalazwe Kibera na Kawangware, na mipaka ya bwawa iwekwe mawe ya kuonekana. Kung'oa bila kufunga mfereji wa uchafu ni kumlipa mtu mshahara wa kufanya kazi ile ile kila mwaka.

Na wewe msomaji, mvua zikija, simama kidogo penye mtaro ulio karibu na mlango wako utazame yanayopita. Ukiona chakula cha gugu kikielekea mtoni, anza hapo pamoja na jirani zako.