Milima ya Ufaransa na funzo la lugha ya mama

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Laiti wangalimwona mtu wa makamo akisukuma baiskeli iliyosheheni mizigo mlimani, katika nchi ya watu, yamkini wangaliongeza kwamba mwenda pole pia husoma.

Mnamo Juni 2023 nilikuwa mjini Toulouse, kusini mwa Ufaransa, kuhudhuria kongamano la wanaisimu. Lilipomalizika nilibakiwa na siku nne kabla ya safari ya kurudi Nairobi. Mwenyeji wangu aliniazima baiskeli yake, mikoba miwili ya kuning'iniza kwenye karia na ramani ya karatasi. Nikapanda garimoshi pamoja na baiskeli hiyo hadi mji mdogo wa Figeac.

Mwanaisimu haendi Figeac kwa bahati. Ndiko alikozaliwa Jean-François Champollion mwaka 1790, yule msomi aliyefumbua maandishi ya kale ya Misri mwaka 1822. Nyuma ya nyumba yao kuna ua uliotandazwa nakala kubwa ya jiwe la Rosetta, nawe watembea juu ya herufi zake. Nilisimama hapo nikikumbuka jambo ambalo huwaambia wanafunzi wangu kila mwaka. Ufunguo wa Champollion ulikuwa Kikoptiki, lugha ambayo ilikuwa imekoma kusemwa majumbani na kubakia katika ibada za Wakristo wa Misri. Lugha ambayo wengi wangaliiona haina faida ndiyo iliyofungua hazina ya miaka elfu kadhaa.

Kutoka Figeac niliufuata mto Célé. Barabara ni nyembamba na inajipinda pamoja na mto, upande mmoja mashamba ya mahindi na miti ya jozi, upande wa pili majabali meupe yaliyoinama juu ya kichwa cha mpita njia. Magari niliyokutana nayo kabla ya adhuhuri niliweza kuyahesabu kwa vidole. Nilipita vijiji vya Espagnac na Brengues nisisikie ila maji, ndege na mnyororo wa baiskeli yangu. Katika kimya kile mtu huanza kusoma kila kibao na kila neno lililoandikwa kwenye ramani.

Hapo ndipo nilipoanza kushangaa. Nilikuwa Ufaransa, lakini majina mengi ya mahali hayakuwa ya Kifaransa. Kila mwinuko uliitwa 'Pech', kila boma la mkulima 'Mas', kila shimo la ardhini 'Cloup' au 'Igue'. Hayo ni maneno ya Kioksitani, lugha ya kusini mwa nchi hiyo tangu enzi za kati, lugha ambayo mshairi wake, Frédéric Mistral, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1904. 'Pech' maana yake ni kilima. Maana hiyo sikuihitaji kamusi. Miguu yangu ilinifasiria.

Baada ya kijiji cha Marcilhac niliacha bonde na kupanda uwanda wa juu wa mawe ya chokaa, nchi kavu ya mialoni mifupi, kondoo na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Mpando ulikuwa mkali. Nilishuka gia hadi ya mwisho, nikawa nakanyaga haraka huku baiskeli ikienda mwendo wa kinyonga. Nikamshukuru moyoni Paul de Vivie, aliyejulikana kwa jina la Vélocio, Mfaransa aliyefariki mwaka 1930 baada ya kutumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwahimiza watu watalii kwa baiskeli na watumie gia nyingi. Alipingwa sana. Wakubwa wa mashindano waliamini kuwa gia za kubadilisha ni za wanyonge, na mbio za Tour de France hazikuuruhusu mtambo wa kuzibadilisha hadi mwaka 1937. Leo hakuna bingwa anayethubutu kuukabili mlima bila gia hizo.

Kule juu gurudumu la nyuma likapata pancha. Nilikuwa na viraka na gundi, lakini tundu lenyewe sikuliona. Mzee mmoja aliyekuwa akirekebisha ua wa kondoo wake alinitazama kwa muda, akaingia ndani, akatoka na beseni la maji. Tulizamisha tyubu, viputo vikatuonyesha tundu. Tulipokuwa tukingoja gundi ikauke, nilimuuliza kuhusu yale majina ya ramani. Akatabasamu, akasema, 'Hayo ni ya patois.' Ndivyo wengi walivyofundishwa kuiita lugha yao: patois, yaani lahaja ya washamba.

Mzee alikuwa na umri wa miaka themanini hivi. Alinisimulia kuwa mama yake, alipokuwa msichana, aliwahi kuvishwa kipande cha ubao shingoni kwa kusema patois uani mwa shule. Ilimlazimu akivae hadi amnase mwenzake akitenda kosa lilo hilo, amkabidhi. Mama huyo alipopata watoto aliapa kuwasemesha Kifaransa tu. Patois aliisema na mumewe, na ng'ombe. 'Mimi naielewa yote,' mzee aliniambia, 'lakini wajukuu wangu sina ninalowaambia kwayo.'

Msomaji, sikuweza kumjibu mara moja. Kibao hicho nakijua. Nilisoma shule ya msingi katika milima ya Taita, na sisi tulikiita diski. Kidawida kilikuwa kosa, na hata Kiswahili kilikuwa kosa nje ya kipindi chake. Nilikivaa mara nyingi. Linaloniuma zaidi ni kwamba nilikuwa hodari wa kukipitisha. Nilikuwa nikijificha nyuma ya tangi la maji nikisubiri mwenzangu ateleze ulimi.

Ni haki tuwatendee uadilifu waliotutangulia. Waasisi wa shule za umma za Ufaransa, walizozifanya za bure mwaka 1881 na za lazima mwaka 1882, hawakuwachukia watoto wa wakulima. Walitaka kila mtoto, awe wa Paris au wa mlimani, aweze kusoma sheria za nchi yake na kupata kazi. Wazazi nao waliafiki. Nani asiyemtakia mwanawe mema? Kifaransa kiliwafungulia wengi milango, jinsi Kiingereza kilivyonifungulia mimi. Kosa halikuwa kuwafundisha watoto lugha mpya. Kosa lilikuwa kuamini kwamba lugha mpya haiwezi kuingia mpaka ya zamani ifukuzwe, tena kwa aibu.

Ufaransa imejaribu kurudi nyuma. Sheria ya mwaka 1951 iliruhusu lugha za majimbo zifundishwe kwa kiasi fulani. Mwaka 1979 wazazi wa mji wa Pau walianzisha shule ya kwanza ya Calandreta, inayofundisha kwa Kioksitani. Tangu mwaka 2008 katiba yao inazitambua lugha hizo kuwa urithi wa taifa. Hata hivyo, UNESCO ingali inaihesabu lugha hiyo miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Sheria ni kitu chema, lakini haiwezi kumrudishia nyanya ulimi aliokwisha kuufunga mbele ya wajukuu.

Sisi je? Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumiwe katika madarasa ya mwanzo. Katiba ya mwaka 2010 inaiagiza serikali kukuza na kulinda lugha za Wakenya. Mtaala wa umilisi nao unasema vivyo hivyo. Karatasi zetu ni safi. Lakini nenda katika baadhi ya shule zetu, uone mtoto aliyenaswa akisema lugha ya nyanyake anavyoshughulikiwa. Kibao kimebadilika sura tu. Penginepo ni faini, penginepo ni jina lililoandikwa daftarini na kiranja.

Walimu wenzangu, ikumbukeni ile baiskeli. Gia ndogo haikuwekwa pale imzuie mtu kufika kileleni. Imewekwa ili aweze kuanza kupanda. Mtoto wa gredi ya kwanza anayeelezwa hesabu kwa lugha anayoijua anakanyaga kwa gia inayolingana na nguvu zake. Barabara ikisawazika atapandisha gia: Kiswahili, Kiingereza, na akitaka, Kifaransa. Anayemng'olea gia ya kwanza kwa sababu anataka afike haraka atamkuta kando ya njia akihema. Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba anayesema lugha mbili au tatu amebeba mzigo. Mizigo ilikuwa kwenye karia. Gia ndizo zilizonivusha.

Siku ya tatu niliteremka hadi Saint-Cirq-Lapopie, kijiji cha mawe kinachoning'inia juu ya mto Lot, nikatazama nyuma kwenye vilima nilivyovipanda. Kila kimoja kilikuwa kingali kinaitwa kwa lugha ambayo watu wachache mno waliiongea huko chini. Majina yalikuwa yamebaki, wasemaji walikuwa wameondoka.

Desemba iliyofuata nilimchukua mwanangu wa miaka kumi, tukaipanda barabara ya kutoka Mwatate kwenda Wundanyi. Mwanangu huongea na nyanyake kupitia kwangu, na lawama hiyo ni yangu mimi, mhadhiri wa isimu. Jioni tulipoketi nje nilimwomba mama amtajie majina ya vilima vinavyoonekana kutoka uani mwake na amweleze maana ya kila jina. Alitaja kumi na moja. Kijana aliyaandika yote, akimsahihisha nyanyake aseme polepole. Mara hiyo sikutafsiri chochote.